Marafiki wa kitabuni na yule niliyemwacha nyuma

KWA miaka mitatu nilitembea na kitabu kisicho changu. Kilivuka nami mpaka wa Busia mapema Januari 2008, kikalala nami ndani ya hema kule Mulanda, wilayani Tororo, kisha kikarudi nami Kenya kikiwa kimekosa jalada na kurasa kadhaa za mwisho.

Kitabu chenyewe ni Kufa Kuzikana, riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyochapishwa na Longhorn mwaka wa 2003. Ni kisa cha vijana wawili, Akida na Tim, wanaotoka katika makabila mawili yanayochukiana, Wakorosho na Wakanju, katika nchi ya kubuni inayoitwa Kiwachema. Msomaji hahitaji kuambiwa Kiwachema iko wapi. Sisi tuliokuwa Mulanda hatukuhitaji.

Kilikuwa cha rafiki yangu. Tulikuwa tukifanya biashara bega kwa bega katika mji mmoja wa Magharibi, mimi nikiuza mitumba, yeye akiuza nafaka. Tulitumia stoo moja na kufuli moja, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wake. Jina langu la ukoo na lake hayafanani hata kidogo, na kwa muda wa miaka kumi jambo hilo lilikuwa la kufanyiana utani tu. Binti yake alikuwa ameleta riwaya hiyo nyumbani likizo ya Desemba 2007, baba akaisoma, akaniletea. "Hii soma, ndugu yangu," aliniambia, "hawa watu wawili ni sisi."

Niliisoma nikiwa nimeketi juu ya robota nikingoja wateja. Nilikuwa sijafika nusu uchaguzi ulipofanywa Desemba 27, matokeo yakatangazwa Desemba 30, na yaliyofuata kila Mkenya anayajua. Tume ya Jaji Philip Waki baadaye ilihesabu waliouawa kuwa 1,133. Mimi nilikuwa miongoni mwa maelfu waliokimbilia Uganda kupitia Busia na Malaba. Mkobani mlikuwa na shati, kitambulisho, chaja ya simu na kitabu hicho. Ukiniuliza kwa nini nilibeba kitabu nikaacha blanketi, sina jibu. Mtu anayekimbia hachagui.

'BADO HAJAMSALITI?'

Hemani tulikuwa watu wanane. Mchana ulikuwa na shughuli zake, foleni ya maji, foleni ya unga, foleni ya kuandikishwa. Usiku ndio uliokuwa mrefu. Mtu mmoja alikiona kitabu, akaniomba niwasomee kwa sauti. Tukaanza upya, ukurasa wa kwanza, kwa mwanga wa tochi ya simu ambayo tulikuwa tukiichaji kwa zamu kituoni.

Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Bonde la Ufa ambaye nyumba yake ilikuwa imeteketezwa na vijana aliowajua kwa majina ya utotoni. Usiku wa kwanza aliniambia hivi: "Wewe soma, kijana. Lakini ukifika mahali ambapo mmoja wao anamsaliti mwenzake, nistue mapema nijifunike nilale." Tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tuvuke. Kuanzia hapo, kila usiku kabla sijafungua kitabu, angeniuliza: "Bado hajamsaliti?" Nami ningemjibu: "Bado, mzee."

Nimelifikiria swali la mzee huyo kwa miaka mingi. Mbona sisi, tuliokuwa tumefukuzwa na majirani, tulitaka kusikia habari za marafiki wawili ambao hata hawapo duniani? Ungedhani tungetaka hadithi za kisasi. Badala yake watu walikuja kutoka mahema mengine, wakaketi nje kwenye umande, ili wasikie kama Akida na Tim bado wanasalimiana.

Mwalimu mmoja aliyekuwa nasi alikuwa na maelezo ya haraka: eti hadithi ni faraja, ni kama uji kwa mgonjwa. Sikubaliani naye. Hadithi za urafiki tulizolelewa nazo si uji hata kidogo. Chukua ile ya kima na papa, ambayo Edward Steere aliichapisha tangu mwaka wa 1870 na ambayo pwani waliijua kabla ya hapo. Kima yuko juu ya mkuyu, papa yuko majini. Kila siku kima anamtupia mwenzake matunda, wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya maji anamwambia ukweli: mfalme wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anaponea kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha nyumbani mtini. Hiyo ndiyo hadithi ya urafiki tunayowasimulia watoto wa miaka mitano! Hata hivyo, watoto huiomba tena na tena.

Au tazama tamthilia ya Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka wa 1971. Juma na Kitaru ni wanafunzi wa chuo kikuu, marafiki wa kuchezea pamoja. Lakini Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yamewapandisha watu fulani na kuwashusha wengine, na taratibu historia hiyo inaketi katikati ya vijana hao wawili kama mgeni asiyetaka kuondoka. Nilisoma tamthilia hiyo nikiwa kijana nikaiona ngumu. Niliporudi kuisoma baada ya Mulanda, sikuiona ngumu tena.

Kwa hivyo si faraja. Nadhani, na haya ni maoni ya mchuuzi wala si ya profesa, ni kwamba kitabu hukupa kitu ambacho maisha hayakupi: hukuonyesha rafiki akiwa peke yake. Rafiki yako wa kweli humjui anasema nini ukishatoka dukani. Unakisia. Lakini mwandishi anaweza kukupeleka nyumba hii, kisha nyumba ile, ukamwona mtu anavyofanya mwenzake akiwa hayupo.

MPAKA UNAISHI KWA KUAMINIANA

Wafanyabiashara wa Busia wananielewa. Biashara ya hapa kwa sehemu kubwa huenda kwa neno la mdomo. Mama wa Sofia upande wa Uganda anakuletea trei za mayai au magunia ya njugu, unamlipa nusu, iliyobaki iko kwenye daftari. Akivuka kurudi kwao, hakuna mahakama utakayomfuatia kwa deni la shilingi elfu mbili, naye hakuna polisi atakayekukamatia. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mnamo Februari 2018 kimerahisisha kugongewa stakabadhi, lakini daftari bado ni lile lile. Unamwamini mtu ambaye, akishapita lango lile, huwezi kumwona.

Hata bodaboda, neno ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki, lilizaliwa katika mpaka huu, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo katika ile sehemu isiyo ya nchi hii wala ile. Ulimpa kijana mzigo wako, akatangulia. Ungemwona tena au usimwone.

Wasamia wako pande zote mbili, Wateso pande zote mbili. Marehemu Aggrey Awori aliwania urais wa Uganda mwaka wa 2001, na miaka miwili baadaye nduguye, Moody Awori, akawa makamu wa rais wa Kenya. Kwa watu kama hao mpaka ni uzio wa boma. Lakini damu ina wajibu wake: ndugu hata ukimkasirikia mtakutana matangani. Rafiki hana matanga ya kumlazimisha arudi. Pengine ndiyo sababu tunamtazama kwa makini zaidi kitabuni na hata kwenye filamu.

Nasema filamu kwa sababu nilipokuwa Tororo niliwahi kufanya kazi ya kukata tiketi katika banda la video. Upande wa Kenya vijana walikuwa wakifuata sauti ya DJ Afro akiwatafsiria na kuwatia chumvi. Upande wa Uganda walikuwa na VJ wao, Jingo akiwa maarufu kuliko wote, wakisimulia kwa Kiganda. Filamu ya Kihindi ya Sholay, ya mwaka wa 1975, ilikuwa ikirudiwa mara kwa mara hata baada ya kanda kuchakaa. Ndani yake wamo wezi wawili wa rejareja, Jai na Veeru. Kila wanapokosa kuafikiana, Jai hurusha sarafu, na kila mara upande alioutaja yeye ndio unaojitokeza. Ni baada ya Jai kufa ndipo Veeru anaiokota sarafu ile na kugundua kwamba pande zake zote mbili zinafanana. Mwenzake alikuwa akimdanganya kila mara, ikiwemo ile ya mwisho iliyompa Jai nafasi ya kubaki nyuma na kufa badala yake.

Hapo banda zima hunyamaza. Nimeona wabeba mizigo wa Malaba, wanaume wenye shingo kama za fahali, wakijifanya wanajikuna macho.

HABARI ZILIZOFIKA MULANDA

Turudi hemani. Tulikuwa tumefika karibu robo tatu ya kitabu, nadhani ilikuwa katikati ya Februari, Kofi Annan akiwa bado anawapatanisha wakubwa Nairobi. Akafika mtu kutoka mji wetu. Alinitambua, akanivuta kando. Duka letu lilikuwa limechomwa, aliniambia, hilo nilikuwa nimeshalikisia. "Lakini yule mwenzako," akasema, "nilimwona kwa macho yangu usiku, kabla ya moto, akisukuma mkokoteni na marobota yako juu."

Sikumuuliza alikuwa akielekea wapi na mkokoteni huo. Niliona sihitaji kuuliza. Usiku ule mzee aliponiuliza, "Bado hajamsaliti?" nilimjibu kwamba tochi haina moto. Kesho yake vivyo hivyo. Sikusoma tena. Kitabu nilikitupa pembeni mwa hema, na watoto walipokosa kitu cha kuwashia jiko wakachana jalada, kisha kurasa za mwisho. Niliwaona. Sikuwakataza.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Februari 28, 2008. Wengine walirejea. Waliobaki, wengi wao walihamishiwa Kiryandongo baadaye mwaka huo wakapewa vipande vya ardhi. Mimi sikwenda Kiryandongo wala sikurudi nyumbani. Niliingia Tororo mjini, nikawa mbeba mizigo sokoni, nikauza soksi mkononi, nikafanya hiyo kazi ya banda. Mama mmoja Mjapadhola aliyekuwa akiuza samaki wakavu aliniruhusu nilale katika stoo yake bila kunijua baba wala mama. Alinipa ufunguo siku ya tatu. Nilikaa nao kiganjani kwa muda mrefu nikiutazama, na badala ya kushukuru nilihisi hasira. Si hasira juu yake.

Namba ya Kenya niliacha kuitumia. Nilinunua laini ya Uganda na kujiambia ni kwa sababu ya gharama.

Mwaka wa 2010 nilivuka kurudi, nikaanza tena mitumba, safari hii Busia, kwa mtaji wa robota moja la nguo za watoto nililolipia nusu. Nilikuwa umbali wa saa chache tu kutoka kwa rafiki yangu, na nilikaa mwaka mzima bila kwenda. Nawaambia wenzangu mliorejea, kwa kuwa najua kuna wengi kama mimi: kuvuka mpaka ilikuwa rahisi. Zile kilomita zilizobaki ndizo zilizonishinda.

Kilichonipeleka ni kitabu. Nilikuwa nikipanga mkoba nikakiona, na kwenye ukurasa wa ndani mlikuwa na jina la binti yake na kidato chake, kwa kalamu nyekundu. Nikajiuliza mtoto yule yuko wapi. Siku mbili baadaye nikapanda matatu.

DAFTARI

Nilimkuta akiuza nafaka, lakini kwenye kibanda, si duka. Alikuwa amekonda. Aliniangalia, akasema neno moja tu: "Umechelewa." Kisha akamwambia kijana alete kiti.

Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliinuka, akaenda nyumbani kwake, akarudi na daftari la shule la kurasa 48. Ndani mlikuwa na jina langu juu, na chini yake hesabu. Katika stoo tulikuwa na marobota yangu manne na cherehani moja. Marobota mawili yaliungua. Mawili na cherehani aliyahamisha kwa mkokoteni usiku, akayaficha kwa shemeji yake. Robota la kwanza aliliuza Machi 2008, akalipa karo ya binti, bei imeandikwa. La pili lilipoanza kuota ukungu mwaka wa 2009 aliliuza pia, bei imeandikwa. Cherehani ilikuwa chini ya kitanda chake.

"Mbona hukunipigia?" nilimuuliza.

"Nilipiga hadi nikachoka. Namba haipatikani. Wewe mbona hukupiga?"

Nikanyamaza.

Alinieleza, bila kupandisha sauti, kwamba watu wake walimwona na mkokoteni ule pia. Kwao alikuwa akiokoa mali ya adui. Alilala nje ya nyumba yake kwa wiki moja, na duka lilipochomwa, sehemu yake ilichomwa pamoja na yangu. Mkokoteni mmoja, na pande zote mbili zilimwita msaliti.

Ningependa kuwaambia kwamba tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Tulibishana kuhusu bei ya robota la pili, ambalo mimi nilishikilia lilikuwa la daraja la kwanza na yeye akashikilia lilikuwa na mashati yaliyotoboka. Tulibishana kwa saa nzima kama watu wasiojuana. Mwishowe alikubali bei ya kati, akanilipa kidogo kidogo hadi mwaka wa 2013.

Nilipotaka kuondoka nikampa kitabu. Alikigeuza, akaona mwisho haupo. "Umekula mwisho," akasema.

"Watoto waliwashia jiko."

"Basi hukumaliza?"

"Sikumaliza."

Akanitazama kwa muda. Nadhani alielewa nilipoachia na kwa nini, ingawa sikumwambia habari za yule mtu aliyefika kambini. Nilinunua nakala nyingine baadaye, nikaisoma hadi mwisho. Mwisho sitausema hapa, kwa kuwa kinapatikana na msomaji ana macho. Nitasema tu kwamba nilimkumbuka yule mzee wa hemani, nikatamani kujua kama yuko hai nimjibu swali lake.

Walibora mwenyewe aliendelea kuandika juu ya watu wawili wanaoshikana mikono dunia ikiwaendea mrama. Katika Kidagaa Kimemwozea, ya mwaka wa 2012, Amani na Imani wanakutana wakiwa wote wamedhulumiwa, na wanafunzi wa sekondari waliisoma kwa lazima kwa miaka kadhaa. Binti wa rafiki yangu, yule wa kalamu nyekundu, alikuwa mwalimu wakati huo, akawafundisha. Mwandishi alipofariki jijini Nairobi mnamo Aprili 2020, alinipigia yeye kunipa habari, kabla hata ya babake.

Lakini kuna jambo moja ambalo sijalimaliza. Usiku ule wa moto, wale vijana walipofika, rafiki yangu alikuwa wapi? Walijuaje kwamba stoo ilikuwa na mali, na ni nani aliyewafungulia, maana nilipoenda kuona magofu, kufuli ililala majivuni bila alama ya kuvunjwa? Ufunguo ulikuwa kwangu na kwake. Labda katika haraka yake na mkokoteni hakulifunga. Labda kijana aliyemsaidia ndiye aliyeuacha wazi. Akida na Tim ningewafuata hadi ndani ya nyumba nikajua. Huyu wangu siwezi, na sijamuuliza, naye hajasema.

Wiki iliyopita alinipigia kuniambia kwamba njugu zimepanda bei kwao na anataka gunia tatu kutoka upande wa Uganda, nimtangulizie, atanilipa akifika Jumamosi. Nimeshavuka kuzichukua. Ziko stoo. Niliandika kwenye daftari, na ufunguo wa pili wa stoo hiyo, nao pia, ninao mfukoni; nitaona Jumamosi.